Chapa ya Kijeni katika Ufuatiliaji wa Seli Shina za Saratani ya Damu: Toronto, 1961–2004

Historia ya seli shina za saratani ya damu huanzishwa mara nyingi mwaka 1994. Mwaka huo kundi la John Dick mjini Toronto lilionesha kuwa ni seli chache mno za mgonjwa, takribani moja katika kila 250,000, zenye uwezo wa kuanzisha upya ugonjwa ndani ya panya mwenye upungufu wa kinga. Mwanzo huo hauridhishi. Seli hizo zilitambuliwa kwa protini za utando wake, yaani kuwa na CD34 na kukosa CD38. Na protini ya utando hueleza hali ya seli kwa wakati huo tu, si uzao wake.

Swali la uzao lilikuwa limeulizwa mapema katika mji huohuo. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch walieleza vinundu vilivyoota katika wengu wa panya walionururishwa kisha wakapandikizwa uboho. Je, kila kinundu kilitokana na seli moja? Mwaka 1963, pamoja na Andrew Becker, walitumia mnururisho kuharibu kromosomu. Katika vinundu vichache vilivyopata kasoro ya kipekee, karibu seli zote zilibeba kasoro ileile. Kasoro iligeuzwa kuwa chapa, ingawa chapa ya kubahatisha.

Miaka ya 1980 retrovirusi ziliondoa sehemu ya bahati hiyo. Kila kirusi hujipachika mahali pake katika DNA, na mahali hapo hurithiwa na kizazi chote cha seli. Hata hivyo, retrovirusi za aina hiyo huhitaji seli inayogawanyika, ilhali seli shina nyingi hukaa kimya. Lentivirusi hazina sharti hilo. Kwa kuzitumia, Kristin Hope, Liqing Jin na Dick walifuatilia mwaka 2004 koo za seli za wagonjwa kutoka panya hadi panya. Koo nyingine zilikoma kwa panya wa kwanza. Nyingine zilionekana kwa panya wa pili pekee, maana zilikuwa zimelala.

Mwaka 2008 ilibainika kuwa kingamwili iliyotumika kutenga seli zenye CD38 ndiyo iliyowafanya panya waziangamize. Seli hizo zilihesabiwa kuwa dhaifu kumbe zilikuwa zimefyekwa.