Sweta la Mtoto Lililoanzia Shingoni

Mgeni afikaye Mnazi Mmoja mwezi Januari aweza kuuliza: katika joto hili, sweta la mtoto ni la nini? Jibu limo katika historia ya Walutheri wa jiji hili. Wengi walitoka Kilimanjaro, Usambara na Nyanda za Juu Kusini, na mtoto aliyezaliwa Kariakoo hupelekwa kuwaona babu na bibi kwenye baridi.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bidhaa ziliadimika madukani. Aliyekosa uzi mpya aliweza kufumua sweta kuukuu. Uzi huo ni mkaidi: umejikunja, umelika mahali pengine, wala haijulikani utatosha nini. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa, huoshwa, kisha huanikwa pamoja na kitu kizito hadi unyooke.

Kwa uzi wa namna hiyo, kuanzia pindo la chini ni hatari, maana waweza kwisha kabla ya mabega. Dawa ni kuanzia shingoni. Vitanzi huongezwa hadi makwapani. Mikono humalizwa kwanza, na kiwiliwili hufumwa kwa kuzunguka, bila mshono, kwa uzi uliosalia. Ukiisha mapema, sweta ni fupi lakini lavalika. Mtoto akikua, pindo hufunguliwa na kuongezwa, hata kwa rangi nyingine.

Mitumba ilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, sweta likawa rahisi kununua kuliko kufuma. Usharika unaoadhimisha miaka mia moja hukumbuka wachungaji na majengo. Yafaa uikumbuke pia mikono ya akina mama, na kuwapa vijana sindano kabla wajuao hawajaondoka.