PENZI LA STROMBOLI: Kiangazi cha 1949 Kilichomponza Staa wa Hollywood

Kama unadhani skendo za mastaa zimeanza na Instagram, rudi nyuma mpaka mwaka 1949. Hakuna simu za mkononi, hakuna skrinshoti, lakini penzi la watu wawili waliojichimbia kwenye kisiwa kisicho na umeme lilifika hadi bungeni Marekani.

Bibie anaitwa Ingrid Bergman, mzaliwa wa Stockholm, Sweden. Ndiye yule wa Casablanca (1942), na wakati huo tayari ana Oscar moja kabatini kwa filamu ya Gaslight. Wamarekani walimchukulia kama malaika. Mwaka 1945 aliigiza sista wa kanisa, mwaka 1948 akaigiza mtakatifu kabisa, Joan of Arc. Nyumbani ana mume, daktari Petter Lindström, na binti yao Pia.

BARUA ILIYOANZISHA YOTE

Bergman alikuwa ameanza kuchoka na filamu za studio, kila kitu kimepambwa. Siku moja akatazama Roma città aperta ya mwongozaji wa Italia, Roberto Rossellini, filamu iliyopigwa mitaani Roma wakati vita havijapoa hata kidogo. Ikamkaa. Mwaka 1948 akamwandikia jamaa barua akisema yuko tayari kuja kufanya naye kazi, huku akitania kwamba Kiitaliano anachokijua ni kusema "nakupenda" tu.

Utani, sawa. Ila Rossellini naye hakuwa mtu huru. Alikuwa na mke waliyeishi mbalimbali, na mpenzi wake wa wakati huo alikuwa Anna Magnani, mwigizaji wa filamu hiyo hiyo iliyomkosha Bergman. Na Magnani hakuwa mwanamke wa kuchezewa.

KISIWANI

Machi 1949 Bergman akatua Italia. Safari ya kwenda kusini haijafika mbali, picha yao wameshikana mikono huko Amalfi ikatoka kwenye jarida la Life. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Aprili wakaingia Stromboli, kisiwa kidogo kaskazini mwa Sicily. Kwa kweli ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, mita 924 kwenda juu, na umekuwa ukitema moto kwa karne na karne. Wakati ule hakuna umeme, hakuna simu, hakuna maji ya bomba. Wakazi wengi walishaondoka kwenda kutafuta maisha Marekani na Australia. Waliobaki, wavuvi na familia zao, ndio waliogeuzwa waigizaji.

Cha kushangaza ni stori ya filamu yenyewe. Bergman anaigiza Karin, mkimbizi wa vita anayeolewa na mvuvi ili atoke kambini, halafu anajikuta amenasa kisiwani na anatafuta njia ya kutoroka. Kwenye kamera analia atoke. Kamera ikizimwa, hataki kuondoka.

Mumewe alisafiri kutoka Marekani, wakakutana Messina mwezi Mei. Kikao hakikuokoa ndoa. Agosti, bibie akatangaza anadai talaka.

Na Magnani je? Kiangazi hicho hicho naye alikuwa kwenye visiwa vya jirani akipiga filamu yake, Vulcano, nayo ya kisiwa na volkano! Magazeti yakaiita "vita ya volkano".

BILI ILIPOLETWA

Tarehe 2 Februari 1950, Bergman akajifungua mtoto wa kiume Roma, akiwa bado hajafunga ndoa na Rossellini. Hiyo ndiyo siku Vulcano ya Magnani ilipozinduliwa Roma. Fikiria mwenyewe waandishi walikuwa na habari gani mdomoni usiku huo.

Marekani ikawaka. Tarehe 14 Machi 1950, Seneta Edwin Johnson wa Colorado alisimama kwenye Seneti akamshambulia Bergman kama mtu anayeharibu maadili ya taifa, akataka waigizaji wawekewe leseni. Mei wakafunga ndoa ya mbali Mexico, wao wenyewe hawakuwepo. Mwaka 1952 wakapata mapacha, Isabella na Isotta.

Sasa angalia nani alilipa. Rossellini alitukanwa, ndiyo, lakini alibaki kwao, kwenye kazi yake, na watu wake. Bergman hakukanyaga Marekani mpaka 1957, karibu miaka minane. Mwaka 1952 mahakama ya Marekani ilikataa ombi lake la Pia kwenda Italia likizo kumwona. Mtoto ana miaka 13, mama yake anamsoma magazetini. Hakuna Oscar inayofuta hilo.

Filamu walizopiga pamoja hazikuuza kipindi kile, ingawa Viaggio in Italia leo inaheshimiwa na wajuzi wa sinema. Mwaka 1957 ndoa ikavunjika. Rossellini alikuwa ameenda India kikazi, akapenda mke wa mtu huko. Stori ile ile, kisiwa kingine.

Mwaka huo huo Bergman akapata Oscar ya pili kwa Anastasia. Cary Grant ndiye aliyeipokea kwa niaba yake. Ya tatu ikaja 1975. Na mwaka 1972, Seneta Charles Percy wa Illinois aliingiza kwenye kumbukumbu za Bunge maneno ya kumsafisha Bergman kwa aliyofanyiwa. Miaka 22 imepita. Pia alishakuwa mtu mzima.

Magnani naye alipata Oscar yake kwa The Rose Tattoo. Alipokuwa anakufa mwaka 1973, aliyekaa pembeni ya kitanda chake ni Rossellini, na akazikwa kwenye kaburi la familia yake. Yaani mwanaume alisamehewa na wote.

Stromboli bado ipo, mlima unatema moto, na nyumba waliyokaa wawili hao ni kivutio cha watalii. Watu wanaipiga picha na kusema "mapenzi haya!" Wachache wanauliza habari za binti aliyeachwa, au kwa nini waliohukumu walikuwa wengi hivyo na aliyehukumiwa ni mmoja.

Nikuulize wewe sasa: ingekuwa leo, tungemrushia nani mawe?