Chapa ya Baba: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Ng'ombe 31 wa Baba wamepakiwa kwenye fuso kule Kongwa, naye hajui. Aliyetoa amri ni mimi. Mdogo wangu yuko nao njiani, na tumekubaliana anichukue Manzese Darajani saa tatu usiku twende wote mnada wa Pugu. Saa moja kasoro, nikiwa naweka kanda kwenye deki, turubai la mlangoni likafunuliwa. Aliyeingia ni Baba.

SASA ENDELEA...

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia mara moja. Alisimama akiyazoesha macho na giza la banda. Koti lake la kaki lilikuwa limekolea vumbi la safari, na mkononi alishika kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia na kufungwa kwa kamba ya katani. Nilidhani ni fimbo, mpaka nikaiona fimbo yake ipo kwapani.

"Marahaba," alisema hatimaye. Kisha, kwa lugha ya nyumbani, "Mbukwa."

"Mbukwa, Baba. Umefikaje? Mbona hukusema unakuja?"

"Nimetoka Mpwapwa, kwenye matanga ya shangazi yako. Nimekaa huko siku kumi. Nikasema nisirudi nyumbani kwanza, nipande basi nije nikuone. Nina neno na wewe."

"Neno gani, Baba?"

"La kuzungumza tukiwa wawili. Wewe fanya kazi yako. Leo nataka niione."

Kwa hiyo nyumbani hakufika. Nilishusha pumzi, na hapohapo nikajionea aibu.

Baba hakuwahi kukanyaga banda lile tangu nianze kutafsiri sinema. Alikuwa akiiita kazi ya kubwabwaja. Mtu mzima, alisema, anashika kipaza sauti na kuwasemea Wazungu waliokwisha kufa! Zama hizo kanda za mtafsiri Lufufu zilikuwa zikivuma kila kona ya Dar es Salaam, na sisi wengine tusio na jina tulikuwa tukimfuata kwa mbali, kila mmoja na banda lake. Langu lilikuwa uchochoroni, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro: kuta za mabati, mabenchi ya mbao za makasha, runinga moja na spika mbili zilizofungwa kwa waya. Kiingilio shilingi 100. Nje, mama mmoja aliuza chipsi, na jirani yake alichoma mishkaki.

Baba aliketi benchi la nyuma, akalilaza lile gunia magotini. Aliinua pua, akanusa.

"Nyama hii inatoka wapi?"

"Vingunguti, Baba. Machinjioni."

"Na Vingunguti wanatoa wapi?"

"Mnada wa Pugu."

Akatikisa kichwa polepole. Sikupenda alivyotikisa.

Niseme kwa nini nilifanya nilichofanya, maana wapo mtakaonihukumu.

Mwaka ule wa 2006 Manzese nzima ililaani mgao wa umeme. Vinyozi walikaa na mashine zimelala, wauza barafu wakamwaga maji, na sisi wa mabanda ya video tukahesabu saa za giza kama wagonjwa wanaohesabu vidonge. Wachache walijua kwamba ukame uliozima balbu zao ndio uleule uliokuwa ukiua mifugo yetu. Bwawa la Mtera liko upande wa kwetu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Maji yalipopungua Mtera, balbu zilizimika Manzese. Mimi nilikuwa nakula hasara ya ukame uleule ncha zote mbili.

Mdogo wangu alinipigia simu akilia. Kila asubuhi wananyanyua ng'ombe kwa mikono, mmoja kichwani, wawili mkiani, ili wasimame. Bei ya mnadani inashuka kila wiki kwa sababu kila mtu anauza mifupa. Nikamwambia Baba tuuze sasa, tuwapakie wote tuwalete Pugu, mvua zikirudi tununue mitamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atawaswaga kwa miguu mpaka Usangu, kwenye majani ya Ihefu, kama rafiki zake walivyofanya zamani.

"Baba, redioni wametangaza wafugaji waondoke Ihefu. Watu wanatolewa na mifugo yao."

"Redio haichungi."

Ndipo akakata simu.

Si kwamba alikuwa mjinga. Baba alichunga Ranchi ya Kongwa ujana wake wote, na mambo ya ng'ombe aliyajua kuliko wengi wenye vyeti. Ranchi ile imekalia ardhi ambayo Waingereza walikuja kuilima karanga mwaka 1947, na matrekta, na mamilioni ya pauni, na ahadi kubwa. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Mvua za Ugogo ziliwashinda, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, jembe haliingii. Baba aliisimulia habari hiyo kila mara nilipomletea wazo jipya. Karanga zilishindwa, alisema, ng'ombe wakaweza, kwa sababu ng'ombe anajua kungoja.

Lakini mwaka ule ng'ombe walikuwa wanangoja kufa. Baba alipokwenda Mpwapwa kumzika dada yake, nikaagiza fuso.

Sasa turudi bandani.

Sinema niliyokuwa nimeiweka ni *Red River*, ya mwaka 1948, ya mwongozaji Howard Hawks. Nyeusi na nyeupe. Vijana hawakuipenda kabla ya kuiona, walitaka Wachina wanaopaa. Niliichagua kwa sababu ya ng'ombe. Sijaona sinema nyingine yenye ng'ombe wengi namna ile, mto mzima wa migongo na pembe. Wiki nzima niliiandaa peke yangu usiku, nikijua fika kwa nini inaninyima usingizi. Kama ningejua Baba atakuja, ningeweka Wachina.

Nikashika kipaza sauti.

Hadithi yake ni hii. Mzee Dunson, anayeigizwa na John Wayne, anaachana na msafara na kuingia Texas na dume lake. Njiani anamwokota mtoto yatima, Matt, aliyenusurika na ng'ombe jike mmoja. Dume la mzee na jike la mtoto, ndio mtaji. Dunson anawasha moto, anapiga chapa: mistari miwili ya mto na herufi ya jina lake. Mtoto anauliza, herufi yangu iko wapi? Mzee anamjibu kwamba itawekwa siku atakapoistahili.

Nilipotafsiri hapo, nyuma ya banda nikamsikia Baba akicheka. Kicheko kifupi, cha kifuani.

"Mtamba wa mjomba wako!" akasema kwa sauti, na vichwa vikageuka.

Nilikuwa na miaka tisa mjomba aliponipa mtamba mwekundu. Nikamswaga mpaka nyumbani nikiimba. Baba akampokea, akawasha moto, akampiga chapa ya kwake, kama alivyojifunza ranchi. Nililia. Alisema zizi ni moja, chapa ni moja. Katika ng'ombe 31 waliopakiwa kwenye fuso, kumi na zaidi walikuwa uzao wa mtamba yule.

Nikamwona Baba anaweka mkono juu ya lile gunia, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Sinema ikasonga. Miaka 14 inapita, vita vya Marekani vimekwisha, Texas imejaa ng'ombe wasio na mnunuzi. Dunson anaamua kuwaswaga karibu 10,000 mpaka Missouri, mamia ya maili, ijapokuwa kila anayetoka huko anasema njia ina majambazi. Matt, sasa kijana mzima, ndiye Montgomery Clift. Wachungaji wanachoka, chakula kinapungua. Usiku mmoja mmoja wao anaiba sukari, masufuria yanaanguka kwa kishindo, ng'ombe wanashtuka na kutimka, na mtu anakufa chini ya kwato. Banda zima lilisimama. Baba alisimama pia. Nilisikia akiwapigia mbinja wale ng'ombe wa kwenye runinga, mbinja ileile ya Kongwa, awatulize.

Hakuna aliyemcheka. Mzee mmoja muuza mitumba akamshika bega, akamkalisha.

"Sasa kaka mtafsiri," kijana wa benchi la mbele akauliza, "steringi ni yupi? Mzee au mtoto?"

Swali la haki. Mtoto wa Manzese anajua kwamba steringi hafi, na lazima amjue mapema ili roho itulie. Nikafungua kinywa, nikakosa neno. Baba akanijibia.

"Mzee. Ng'ombe ni wake."

"Lakini anawapeleka pabaya," kijana akasema.

"Ng'ombe ni wake," Baba akarudia.

Jasho likaanza kunitoka, maana nilijua kinachofuata. Wachungaji watatu wanatoroka, wawili wanarudishwa. Dunson, na jeraha la mguu, anasema atawanyonga. Ndipo Matt anasema hapana. Anamzuia baba aliyemlea, anachukua ng'ombe wote, anageuza njia kwenda Abilene, Kansas, kwa sababu amesikia kuna reli huko. Anamwacha mzee nyikani na farasi wake. Na mzee anaapa kwamba atamfuata amuue.

Baba hajui Kiingereza. Banda zima lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema kijana anaondoka kwa ruhusa, au kwamba mzee amempa baraka. Tulikuwa tukifanya hivyo, watafsiri, tukiongeza chumvi pale sinema ilipopoa, na hakuna aliyetudai. Nilimwangalia Baba kule nyuma, kidevu juu ya fimbo, macho hayapepesi. Nikaisogeza maiki mdomoni.

Nikasema kweli yote.

Nilimtafsiri Matt kwa sauti yangu mwenyewe, bila kuigiza. Nikasema: Mzee, nawachukua ng'ombe. Si kwa chuki. Kule unakokwenda watakufa, na mimi nimewalea pamoja na wewe. Haya mengine hayakuwa kwenye sinema. Yalitoka tu.

Banda likawa kimya. Baba alikuwa ananitazama mimi, si runinga.

Dunson akaegemea farasi wake, akaanza kuapa. Nikavuta pumzi nimtafsiri, na hapo umeme ukakatika.

Zamu yetu ya giza ilikuwa imepita mchana, kwa hiyo hakuna aliyejiandaa. Jenereta halikuwa na petroli. Vijana wakapiga mbinja, wakadai fedha zao, mtu akawasha tochi ya simu. Kisha ikaja ile sekunde ambayo kila mkazi wa mjini anaijua, feni zote na redio zote za mtaa zikinyamaza kwa pamoja, na masikio yanafunguka. Tulisikia mafuta ya chipsi yakichemka nje. Tulisikia daladala zikigeuza gia barabarani.

Na kutoka upande wa daraja, dume likaunguruma.

Mara moja. Ndefu, nzito, na mwishoni ikipasuka kidogo, kama mlango wenye bawaba mbovu.

Fuso lilikuwa limewahi.

"Hao watakuwa wanapelekwa Pugu," akasema yule muuza mitumba.

Baba alikuwa amekwisha simama. Mchungaji hahitaji taa kumjua mnyama wake. Dume lile alilinunua likiwa ndama, wa damu ya Boran, akalilea kwa mkono, na ule mpasuko wa mwisho wa sauti lilikuwa nao tangu likiwa dogo.

Hakusema kitu. Alipita katikati ya mabenchi gizani bila kugonga goti la mtu. Nikamfuata. "Baba, ngoja. Baba, nikueleze." Uchochoro, mfereji, ubao wa kuvukia mfereji, kisha barabara. Chini ya daraja la waenda kwa miguu fuso lilisimama na taa za hatari zikiwaka na kuzima, zikiwaka na kuzima, na katikati ya mbao za ubavuni zilionekana pembe, pua zenye povu, macho.

Baba aliingiza mkono kati ya mbao. Akagusa paja la wa kwanza, akaitafuta chapa kwa vidole. Akaenda kwa wa pili. Akazunguka lori lote hivyo, taratibu, midomo ikihesabu. Watu walianza kukusanyika.

"Thelathini," akasema. "Mmoja yuko wapi?"

Mlango wa dereva msaidizi ukafunguka, mdogo wangu akashuka. Alipomwona Baba miguu ikamwisha nguvu, akashika bodi la gari.

"Shikamoo Baba. Mmoja... mmoja amefia Dumila. Yule bibi mwekundu. Mtamba wa kaka."

"Nani kaamuru?"

Mdogo wangu hakujibu. Aliniangalia tu, na Baba akayafuata macho yake mpaka kwangu.

Akaegemeza fimbo kwenye tairi. Akaifungua ile kamba ya katani, fundo moja, fundo la pili, akaliacha gunia lianguke miguuni. Taa ya gari ikawaka. Kilikuwa chuma cha chapa, kile kile cha zamani chenye mpini ulioliwa na moto, chenye herufi ya jina lake. Lakini pembeni ya herufi ile palikuwa na nyingine. Ilikuwa mpya, iking'aa bado pale fundi alipoichomelea.

Ilikuwa herufi yangu.

Taa ikazima. Ilipowaka tena, Baba alikuwa amekishika chuma kile kwa mikono miwili, amekinyanyua juu ya kichwa, na alikuwa anakuja.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Je, chuma kitashuka wapi, na ng'ombe 30 watafika Pugu? Usikose.