Kurekodi masimulizi ya wazee nyumbani: sauti kwanza, picha baadaye



Familia nyingi za Makobola zina video ya mzee akisimulia. Uso unaonekana vizuri, lakini maneno hayashikiki. Kinachosikika ni upepo wa Ziwa Tanganyika, kuku, na pikipiki za barabara ya Uvira na Baraka. Watoto walio kambini Nyarugusu, kule Kigoma, au walio Marekani, wanaitazama mara moja, hawaelewi, wanaiacha.

Tuna haraka. Waliokuwa watu wazima wakati wa mauaji ya Makobola, mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, sasa wanazeeka, na kila mwaka tunawazika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo ililiandika tukio hilo kwa ufupi. Majina ya marehemu, nani alikimbilia wapi, nani alirudi kuzika, hayo yamo vinywani mwa wazee wetu.

Kosa kubwa ni umbali. Umbali kati ya mdomo na mikro ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inabaki robo, wakati kelele za uani zinabaki vilevile. Simu iliyo mita 2 inapata sehemu moja tu katika mia ya ile nguvu ambayo ingeipata kwa sentimeta 20. Sauti za s na f ndizo zinazofifia kwanza. Tena Kibembe ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, na kelele hufunika hata hilo.

Kwa hiyo tumieni simu mbili. Moja ichukue picha. Ya pili irekodi sauti tu, iwe karibu na kifua cha mzee, kama sentimeta 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isiigonge. Iwekeni juu ya kitenge kilichokunjwa, maana meza tupu hupitisha kila mgongano. Mfukoni mwa shati si pazuri, nguo inakwaruza. Zote mbili zikishaanza, pigeni kofi moja mbele ya kamera. Atakayeunganisha picha na sauti atalifuata kofi hilo. Saa za simu mbili haziendi sawa kabisa, basi kila dakika 20 simamisheni, muanze upya na kofi lingine.

Ukinunua mikro ndogo ya kubana kwenye nguo, tazama ncha ya waya: ya simu ina mistari mitatu ya pete, ya kamera ina miwili, na ya kamera mara nyingi haifanyi kazi kwenye simu. Soksi safi juu ya mikro inapunguza upepo.

Chumba chema si sebule mpya ya saruji, ambayo inarudisha mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, chandarua na nguo zilizotundikwa kinameza mwangwi vizuri. Rekodini asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mvua ikigonga bati, acheni kazi. Mimi nilimrekodi mama yangu mkubwa chini ya bati, mvua ikaanza, nikaona aibu kumkatiza. Hayupo tena. Ninayo dakika 40 za mvua.

Simu zote ziwe katika hali ya ndege. Rekodini dakika moja ya majaribio, kisha isikilizeni kwa ekuteri, si kwa spika ya simu. Alama ya sauti ikigusa nyekundu, sogezeni simu nyuma kidogo.

Kabla ya yote, muulize mzee: nani asikie haya? Wengine wanakubali watoto wao tu. Mambo ya 1998 yana majina ya watu ambao jamaa zao tunapita nao barabara moja, na tunaabudu nao. Rekodi ya namna hiyo haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mzee akinyamaza, ngoja naye, usijaze kimya kwa maswali. Akisema basi, zima, umwombee, hata kama habari haijaisha.

Saa moja ya sauti katika MP3 ya kilobiti 128 ni megabaiti 58 hivi. WAV ya chaneli moja, kilohezi 48 na biti 16, inakaribia 350, lakini ndiyo ya kutunza, kwa sababu haipunguzwi. WhatsApp huibana video, basi itume kama dokima. Nakala moja ikae kwenye kadi memori nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, kwa sababu nyumba zetu zimekwisha kuchomwa. Jina la faili liwe tarehe, kijiji na lugha. Jina la mzee liandikwe kwenye daftari linalokaa kwa familia.