Dawa ya Nywele: Historia ya Jina Lisilotaja Kitu Chake

Miaka kadhaa iliyopita mfasiri mmoja alituletea karatasi ya maelekezo ya rilaksa aliyotakiwa kuitia katika Kiswahili. Mstari wa kwanza alikuwa ameuandika "dawa ya kulainisha nywele". Mistari michache chini yake ilionya kwamba dawa hiyohiyo yaweza kuunguza ngozi na kupofusha macho. Alitaka tumwambie ni neno gani lililokosewa. Swali hilo halijibiwi kwa kamusi peke yake, kwa sababu bidhaa hii imebadilishiwa majina mara nyingi, na aghalabu waliolichagua jina ni wauzaji.

Inasimuliwa kwamba Garrett Morgan, mvumbuzi Mwafrika wa Marekani, alikuwa katika karakana yake ya cherehani mjini Cleveland akitafuta kimiminiko cha kuzuia sindano isiunguze sufu, akaona kimiminiko kile kimenyoosha nyuzi za kitambaa. Akakijaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka 1913 akaanzisha G. A. Morgan Hair Refining Company. Msomaji atazame jina hilo: nywele "husafishwa" kama sukari au mafuta, maana yake zilivyo hazijakamilika. Katika zama hizohizo Madam C. J. Walker, aliyefariki mwaka 1919, alikanusha hadharani kwamba yeye ni mnyoosha nywele. Alisema kazi yake ni kuziotesha na kuzitunza. Ugomvi wa istilahi, basi, ulianza mapema.

Baadaye wanaume walitumia mchanganyiko wa magadi makali, mayai na viazi ulaya. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965, anaeleza jinsi ulivyomchoma kichwa, na anaona kuwa siku ile alijidhalilisha. Mwaka 1954 George Johnson wa Chicago alianza kuuza mchanganyiko uliopimwa vizuri zaidi, kwanza kwa wanaume, kisha kwa wanawake. Kampuni yake ilistawi hata mwaka 1971 hisa zake zikauzwa katika soko la hisa la Marekani, jambo ambalo kampuni ya watu weusi haikuwahi kulifikia. Katika biashara hii ndipo lilipoenea jina la Kiingereza lenye maana ya "kulegeza". Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilimlazimisha Johnson kuweka onyo juu ya bidhaa yake. Kampuni kubwa ya wazungu iliyouza kitu cha namna hiyohiyo ilitakiwa kufanya hivyo baadaye tu, na wengi waliona hapo upendeleo.

Je, kweli nywele hulegezwa? Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi zake hufungwa pamoja na viungo vya salfa. Rilaksa ya kawaida ina haidroksidi ya sodiamu, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki soda. Alkali hiyo huvunja viungo hivyo, na vinavyoundwa mahali pake havirudi vilivyokuwa. Ndiyo sababu msusi hutia retachi kwenye machipukizi peke yake. Kitu kilicholegezwa chaweza kukazwa tena, lakini hiki hakikaziki. Hata aina isemwayo kuwa haina kostiki hutumia haidroksidi ya guanidini, nayo ni alkali kali vilevile. Tumekwisha kuona tafsiri inayosema "haina kemikali": hilo si kosa la mtindo, ni hatari.

Tukirejea kwetu, wasusi walipotumia chanuo la moto walisema wanachoma nywele, na neno hilo halikumdanganya mtu. Ilipokuja rilaksa wakasema "kutia dawa". Kuna watakaosema kwamba Kiswahili kina dawa ya viatu na dawa ya panya, na hakuna anayedhani panya anatibiwa. Ni kweli, nami sioni haja ya kuwakataza watu neno lao. Lakini "dawa ya panya" hutaja adui, na "dawa ya kikohozi" hutaja ugonjwa. "Dawa ya nywele" yataja nini? Mtoto wa miaka saba anayekalishwa kitini ana haki ya kuuliza nywele zake zinaumwa nini.

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu mwaka 2022, ulipotolewa utafiti wa Marekani juu ya wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia vinyoosho zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kilichozidi maradufu kile cha wasiotumia. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo, na dodoso lenyewe lilichanganya bidhaa za namna mbalimbali chini ya jina moja.

Tulimshauri mfasiri yule aandike "kinyoosho cha nywele chenye alkali kali". "Kilegezo" tulikikataa kwa sababu zilizokwisha kutajwa. Na hofu kwamba "kinyoosho" kitachanganywa na "kinyozi" haikutushawishi, kwani kimoja chatokana na kunyoosha na kingine na kunyoa. Alikubali, akapeleka kazi kwa waliomtuma. Karatasi ilipochapishwa iliandikwa "dawa ya kulainisha nywele", na onyo lilikuwa kwa herufi ndogo zaidi.