Chemchemi za Roma: zilianza kama vituo vya kuchotea maji

Kila mwaka mamilioni ya watu hufika Roma, mji mkuu wa Italia, wakiwemo mahujaji kutoka Afrika Mashariki. Baada ya kanisa la Mtakatifu Petro, wengi huenda kutazama chemchemi. Hizi si chemchemi za kutoka ardhini kama ile ya bondeni kwenu. Ni majengo ya mawe na sanamu, yamewekwa viwanjani na kwenye njia panda, na maji hububujika humo mchana na usiku. Watalii huzipiga picha. Lakini nyingi ya zile za zamani zilijengwa ili watu wachote maji, na ukilijua hilo unaziona kwa jicho jingine.

Maji yalifikaje mjini?

Roma ya kale ilikuwa na mifereji mikuu 11 iliyoleta maji kutoka milimani na mashambani. Maji yalikuja kwa mserereko, kama ilivyo katika miradi mingi ya vijijini kwetu: chanzo kiko juu, watumiaji wako chini, na mteremko ndio unaofanya kazi. Mmoja wa mifereji hiyo, Aqua Virgo, ulijengwa na Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo. Una urefu wa kilomita 20 hivi, sehemu kubwa ikiwa chini ya ardhi, na katika safari yote hiyo maji hushuka mita chache tu. Aliyewahi kuchimba mfereji wa umwagiliaji anajua kazi iliyopo katika kupima mteremko mdogo namna hiyo bila maji kutuama njiani.

Wizi wa maji nao ulikuwepo. Mwaka 97 baada ya Kristo serikali ilimteua Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya jiji, naye aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo. Humo analalamika kwamba wenye mashamba walikuwa wakitoboa mifereji ili wamwagilie bustani zao, na kwamba mafundi waliunganisha mabomba ya siri chini ya barabara. Ukikaa kwenye kikao cha kamati ya maji ya kijiji leo, malalamiko hayo hayatakushangaza.

Mwaka 537 jeshi la Wagothi lililouzingira mji liliikata mifereji hiyo. Kwa karne nyingi zilizofuata, wakazi wengi walisogea karibu na mto Tiber, wakanywa maji ya mto na ya visima au wakanunua kwa wachuuzi. Aqua Virgo haikufa kabisa, kwa sababu ilipita chini ya ardhi. Ilikarabatiwa na kukamilika mwaka 1570, na hapo ndipo Mapapa wakaanza kushindana kujenga chemchemi.

Trevi na mashua iliyozama

Maji ya Aqua Virgo ndiyo yaliyoipa uhai chemchemi ya Trevi, iliyo maarufu kuliko zote. Ujenzi wake ulianza mwaka 1732 kwa ramani ya Nicola Salvi. Salvi alifariki mwaka 1751 kabla ya kazi kuisha, na ikakamilika mwaka 1762. Ina kimo cha mita 26 na upana wa mita 49, na katikati amesimama mungu wa bahari wa hadithi za kale. Wageni huipa mgongo, kisha hurusha sarafu juu ya bega wakiamini watarudi Roma. Sarafu hizo hukusanywa na kukabidhiwa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki ambalo wengi wetu tunalijua parokiani. Kwa mwaka hufika zaidi ya euro milioni moja. Kuingia ndani ya maji kunakatazwa, na anayekamatwa hutozwa faini.

Umbali wa matembezi mafupi kutoka hapo, katika uwanja wa Spagna, kuna chemchemi yenye umbo la mashua iliyozama nusu. Ilijengwa na Pietro Bernini katika miaka ya 1620. Ukiitazama utajiuliza kwa nini ipo chini hivyo, karibu usawa wa barabara. Ni kwa sababu maji ya Aqua Virgo hufika pale yakiwa na msukumo mdogo, hayawezi kurushwa juu. Fundi hakupigana na tatizo hilo, alichora mashua inayojaa maji.

Kituo kiwekwe wapi?

Katika kiwanja kidogo cha Mattei kuna chemchemi ya kobe, ya miaka ya 1580. Mpango wa kwanza ulikuwa kuiweka sokoni, jirani na mtaa wa Wayahudi. Tajiri mmoja, Muzio Mattei, aliwashawishi wakubwa ijengwe mbele ya jumba lake, naye akaahidi kuweka sakafu ya mawe na kuitunza. Ni nzuri mno, na kwa maoni yangu inapendeza kuliko Trevi. Lakini waliopangiwa maji sokoni iliwalazimu kwenda kuchota mlangoni kwa mkubwa.

Mto wetu uliofunikwa uso

Msikilizaji wa kanda ya ziwa atapenda uwanja wa Navona. Hapo Gian Lorenzo Bernini, mtoto wa yule fundi wa mashua, alimjengea Papa Innocent wa Kumi chemchemi ya mito minne mwaka 1651: Nile, Ganges, Danube na Rio de la Plata. Ilijengwa wakati wa njaa, na watu walibandika karatasi kwenye mawe wakidai mkate.

Sanamu ya Nile imejifunika kitambaa usoni. Waongozaji wengine huwaambia watalii kwamba inakwepa kulitazama kanisa lililo mbele yake. Si kweli, kwani kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1652, chemchemi ikiwa tayari imezinduliwa. Kitambaa kilimaanisha kwamba Ulaya haikujua Nile inaanzia wapi. Mwingereza Speke alifika Jinja, nchini Uganda, mwaka 1862 na kutangaza kwamba amekiona chanzo. Wasoga na Waganda walikuwa wakiyaona maji hayo yakitoka ziwani kila asubuhi.

Bomba lenye pua

Zilizo na faida zaidi ni zile ambazo watalii wengi huzipita bila kuzitazama. Ni nguzo za chuma zinazofika kifuani, kila moja ikiwa na bomba lililopinda kama pua, na ndiyo maana wenyeji huziita „nasoni“, yaani pua kubwa. Zilianza kuwekwa mwaka 1874 na sasa zipo takriban 2,500. Maji yake ni safi, ni ya bure, na hayafungwi. Katika ukame wa mwaka 2017 baadhi zilifungwa, watu wakalalamika kwamba wanaoumia ni wasio na makazi, huku mabomba chakavu ya jiji yakivujisha maji mengi zaidi.

Ukijaliwa kufika Roma, usinunue maji ya chupa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yataruka juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwa ile pua. Unakunywa bila kuinama wala kikombe.