Nani Aliyeandika Mawimbi ya Ubongo?

Mwaka 1951 Tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima kubwa za utabibu nchini Marekani, walitunukiwa madaktari William Lennox na Frederic Gibbs kwa kazi yao juu ya kifafa. Jina la Erna Gibbs halikuwemo. Erna, mzaliwa wa Ujerumani, aliingia katika utafiti wa Lennox mjini Boston akiwa fundi, akaolewa na Frederic mwaka 1930, na tangu hapo wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega. Makala yao ya mwaka 1937 kuhusu kifafa ina jina lake. Atlasi ya mawimbi ya ubongo ya mwaka 1941, ambayo madaktari wa kizazi kizima walijifunzia kusoma kipimo cha EEG, ina majina yao wote wawili. Tuzo imeshapita, wenyewe wameshafariki, lakini hesabu iliyomwacha nje ingali inatumika. Historia ya EEG husimuliwa kama habari ya madaktari na mashine, na anayesimama kati yao, yule ambaye leo huitwa mteknolojia wa EEG, huhesabiwa miongoni mwa vifaa. Ninachodai hapa ni kwamba ushahidi wa miaka mia moja unasema vingine. Kila mara kipimo hiki kilipopiga hatua, hatua hiyo ilitegemea ufundi wa kupata wimbi safi na kulitenga na mawimbi bandia, na ufundi huo ni sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa wenyewe.

Tuanze na ukubwa wa kinachopimwa. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa kwa kawaida hauzidi sana mikrovolti 100. Wimbi la mikrovolti 50 ni dogo mara 30,000 kuliko nguvu ya betri moja ya redio ya volti 1.5. Moyo, kope, misuli ya taya, jasho, waya wa umeme ukutani, vyote hutoa umeme, na aghalabu ni mwingi kuliko wa ubongo. Ndiyo maana Richard Caton wa Liverpool, alipotangaza mwaka 1875 kwamba ubongo hutoa umeme, alikuwa amepima bongo za sungura na nyani zilizofunuliwa. Kupima binadamu juu ya fuvu na ngozi kulingoja karibu miaka 50 zaidi.

Hatua hiyo ilichukuliwa na Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza: Berger alikuwa daktari na profesa, wala hakuwa na mteknolojia. Ni kweli. Lakini tuangalie alichokifanya kati ya 1924 na 1929, mwaka aliochapisha makala yake ya kwanza. Miaka hiyo mitano ilimwishia katika shaka. Alijaribu sindano, akajaribu vipande vya fedha. Alipima wagonjwa waliokuwa na matundu kwenye fuvu, akapima kichwa cha mwanawe Klaus. Akabadilisha galvanomita, akarekodi mapigo ya moyo sambamba na wimbi la kichwa ili ajue kama kimoja hakikuwa kivuli cha kingine. Kila alipouona mstari ukipanda na kushuka mara kumi hivi kwa sekunde alijiuliza kama ni damu, ngozi, au misuli. Kazi hiyo ya kuondoa kimoja baada ya kingine mpaka ubaki ubongo peke yake ndiyo kazi ya mteknolojia, na ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya muda wa ugunduzi. Berger alikuwa mteknolojia wa kwanza wa EEG ya binadamu kabla ya kuwa msomaji wake wa kwanza. (Sifa hii haifuti lingine linalopaswa kusemwa: baadaye alikaa katika mahakama za afya ya urithi za utawala wa Wanazi, zilizoamua nani afungwe kizazi kwa nguvu, na sheria ya mwaka 1933 iliyounda mahakama hizo ilitaja kifafa miongoni mwa sababu. Mtu aliyewapa wenye kifafa kipimo chao kikuu alikubali kukaa katika baraza lililowahukumu.)

Wengi hawakumwamini Berger mpaka mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio lake na kuyapata mawimbi yale yale. Adrian alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Lakini hata hapo, kilichowashawishi watu kilikuwa jambo la vitendo: wimbi lilitokea macho yalipofumbwa na kutoweka yalipofumbuliwa, tena na tena. Hadi leo mteknolojia humwomba mgonjwa afumbe macho na kuyafumbua mwanzoni mwa kipimo. Ni agizo la sekunde chache, nalo hubeba uthibitisho ule ule.

Mwaka uliofuata, huko Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na Lennox walionyesha kwamba mtoto anayeduwaa ghafla, macho wazi, kisha akaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea, huwa na mawimbi makubwa yanayojirudia takriban mara tatu kwa sekunde. Mhandisi kijana, Albert Grass, alimtengenezea Gibbs mashine ya njia tatu, na kutoka kwenye mashine hiyo ikazaliwa kampuni iliyouza EEG kwa hospitali nyingi. Hospitali zilipozinunua, zikahitaji watu wa kuziendesha. Hawakuwa na shule. Walifunzwa kando ya mashine, wengi wao wanawake, wakirekebisha peni za wino na kuandika pembezoni mwa karatasi ‘amekohoa’, ‘amemeza mate’, ‘amelala’. Karatasi ilipita kwa milimita 30 kila sekunde, hivyo kipimo cha dakika 20 kilijaza mita 36. Bila maandishi yale ya pembeni, daktari aliyesoma mita hizo kesho yake hakuwa na njia ya kujua kama mshtuko wa mistari ulikuwa kifafa au kikohozi. Nchini Marekani watu hawa walianzisha chama chao mwaka 1959, zaidi ya miaka 20 baada ya kazi yao kuanza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Herbert Jasper wa Montreal alikuwa amechapisha mpango wa 10–20, uliotokana na haja iliyoonekana katika mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1947. Mpaka wakati huo kila maabara ilibandika elektrodi ilivyoona, na kipimo cha mji mmoja hakikulinganishika na cha mji mwingine. Mpango huo unaanzia kwenye shina la pua hadi kifundo cha nyuma ya kichwa, na kutoka sikio hadi sikio. Umbali unagawanywa kwa asilimia 10 na 20, na elektrodi 21 zinapata mahali pake, namba witiri kushoto, namba shufwa kulia. Uzuri wake ni kwamba unafuata kichwa chenyewe, kiwe cha mtoto au cha mtu mzima. Lakini mpango ulio kwenye karatasi haujibandiki. Ni lazima mtu ashike mkanda wa kupimia, atie alama, asugue ngozi, aweke krimu, ahakikishe mgusano ni mzuri. Sentimita moja ikikosewa upande mmoja, pande mbili za ubongo zitaonekana hazifanani, na tofauti hiyo inaweza kusomwa kama ugonjwa.

Tena mpango ule haukufikiria nywele za kila mtu. Nywele nzito za kipilipili huinua elektrodi kutoka kwenye ngozi, na wimbi likaharibika. Jambo hili lilijulikana na waliobandika miaka mingi kabla halijaandikwa na watafiti. Ni majuzi tu, mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walipoeleza njia ya kusuka nywele kwa mistari inayofuata mpango wa 10–20, na elektrodi zinazojibana chini ya misuko. Ninaliona hili kuwa ushahidi mkubwa kuliko linavyoonekana. Miaka zaidi ya 60 baada ya Jasper, kikwazo cha wagonjwa wengi weusi kupata kipimo safi kilipunguzwa na ujuzi wa msusi, yaani ujuzi wa mikono juu ya kichwa cha mtu.

Atakayepinga atasema: sawa, mikono inahitajika, ila uamuzi ni wa daktari. Kisheria na kitaaluma ndivyo, na ndivyo inavyofaa kubaki. Jibu la kipimo hutiwa saini na daktari. Lakini daktari husoma kile kilichorekodiwa, na kinachorekodiwa kina maamuzi ndani yake. Mteknolojia humhimiza mtoto apumue kwa nguvu dakika tatu, kwa sababu pumzi hizo huweza kuchochea yale mawimbi matatu kwa sekunde yasiyojitokeza mtoto akitulia. Ndiye anayeamua kama pumzi zimetosha. Akiona mkono ukitetemeka, huuandika na kuuangalia pamoja na wimbi. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo ulionyesha kwamba baadhi yao walikuwa na degedege iliyoonekana kwa dalili hafifu mno, au kwa EEG peke yake. Kwa macho ya kawaida mtoto wa namna hiyo amelala tu. Anayeangalia mawimbi wakati huo huo, kando ya kitanda, ndiye anayeweza kuita watu mapema.

Uzito wa kazi hii ulidhihirika zaidi mwaka 1968, kamati ya Harvard ilipopendekeza namna ya kutambua kifo cha ubongo na kuitaja EEG iliyonyooka kuwa uthibitisho wenye thamani kubwa. Ghafla mstari usio na wimbi ukawa na maana nzito. Miaka michache baadaye, Adrian Upton wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, aliunganisha elektrodi kwenye bonge la jeli ya kula, na mashine ikachora mistari inayofanana na ya ubongo ulio hai, kutokana na umeme wa vifaa vilivyozunguka. Hapo mashine haikuharibika. Ilirekodi kila umeme uliofika kwake. Ndiyo sababu miongozo ya kurekodi ukimya wa ubongo ikawa ya kiufundi sana: umbali kati ya elektrodi, muda usiopungua dakika 30, kugusa kila elektrodi kuhakikisha iko hai. Familia inapoambiwa mpendwa wao hayupo tena, nyuma ya neno hilo kuna mtu aliyehakikisha kwamba ukimya ule ni wa ubongo na haukusababishwa na waya uliochomoka.

Lipo pingamizi la leo, nalo ndilo zito zaidi: kompyuta huchuja mawimbi bandia, kofia zenye elektrodi huvaliwa kwa dakika chache, programu hutambua kifafa zenyewe. Sipuuzi hata kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na chochote kinachowafikishia kipimo ni cha heri. Lakini programu hufunzwa kwa rekodi zilizopatikana na kuwekewa alama na watu, na kichujio kinachofuta umeme wa misuli huweza kufuta na wimbi kali la kifafa. Mfano ninaouamini zaidi uko kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall aliwaona watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka mfululizo. Jamaa zao walisema mtoto ‘amesinzia kichwa’. Kwa miaka mingi haikujulikana hasa ni nini. Ugonjwa wa namna hiyo ulipoenea kaskazini mwa Uganda, watafiti walipeleka EEG Kitgum, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 waliripoti kwamba vichwa viliinama wakati wimbi linabadilika kwa namna ya kifafa cha kulegea misuli. Kilichohitajika kilikuwa kichwa kinachoinama, elektrodi zisizoteleza kinapoinama, na mtu wa kulinganisha tukio na wimbi katika sekunde ile ile. Hospitali ya mkoa inayonunua mashine leo ingefaa itenge fungu la kumsomesha mtu huyo katika bajeti ile ile, na jina lake liandikwe kwenye ripoti, juu ya saini ya daktari.